Kujulikana si ujira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, iliyowahimiza vijana wenye kipaji cha uandishi wakubali kuziandikia bure tovuti na kampuni changa za teknolojia ili wajijengee jina. Mwandishi wake alikuwa na nia njema, na sehemu ya aliyoyasema ni kweli. Lakini nimekuwa nikiandika blogu ya teknolojia kwa miaka 13, na katika muda huo nimeandika bure kwa namna mbili ambazo kwa nje zinafanana kama mapacha na kwa ndani hazina udugu wowote. Tofauti hiyo makala ile haikuigusa, nayo ndiyo inayowagharimu vijana.

Nianze na ile namna ninayoipenda na ambayo sitaki mtu yeyote aiache. Mtandao tunaoutumia ulikua kwa mikono ya watu waliotoa bila kudai. Tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN, ambako Tim Berners-Lee alikuwa ameibuni Wavuti (World Wide Web), kilitangaza kwamba programu zake za msingi ni mali ya umma na kwamba mtu yeyote anaweza kuzitumia bila ada. Huduma ya Blogger ilipoanzishwa mwaka 1999, mtu asiyejua hata mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta aliweza kuandika na kuchapisha kwa dakika chache, na watu wakaandika kwelikweli: maelekezo, makosa waliyoyafanya na jinsi walivyoyarekebisha, majibu ya maswali ambayo wao wenyewe walikuwa wamehangaika nayo usiku kucha. Mimi ni mtoto wa ukarimu huo. Kompyuta yangu ya kwanza ilipogoma kuwaka, aliyeniokoa ni mtu nisiyemjua hadi leo, ambaye alikuwa ameeleza hatua kwa hatua namna ya kuifungua, na hakusahau kuonya kwamba skrubu ya kona ya kushoto ni fupi kuliko zile nyingine, na kwamba ukizichanganya wakati wa kufunga, ile ndefu itaitoboa bodi kuu. Hakuwa na la kupata kwangu. Alikuwa ameumia yeye, akataka mwingine asiumie. Nilipoanzisha blogu yangu, ni deni hilo nililokuwa nalipa, na sijawahi kuona kwamba nilipunjwa.

Namna ya pili niliijua baadaye. Kampuni changa iliniandikia barua pepe kwamba inajenga jukwaa la habari na maelekezo ya teknolojia, kwamba imekwisha kupata fedha za wawekezaji wa awamu ya kwanza, na kwamba ingependa niiandikie makala moja kila wiki. Kuhusu malipo walisema kwamba kwa wakati huo hawakuwa na fungu la waandishi, lakini wangenifikisha kwa wasomaji wengi kuliko niliokuwa nao. Nilikubali kwa furaha, maana niliamini kwamba tunaanza safari pamoja.

Kabla jukwaa hilo halijafungwa nilikuwa nimeliandikia makala 41. Naomba nieleze moja tu, kwa sababu watu wengi wanadhani makala ya mtandaoni ni kitu kinachoandikwa mtu akiwa anasubiri maji yachemke. Ilihusu namna ya kurejesha akaunti pale unapopoteza simu iliyokuwa ikikupa namba za uthibitishaji wa hatua mbili. Ilikuwa na maneno kama 1,200, na ilinichukua saa tisa. Nilitafuta simu mbili za zamani, moja nikaifuta kabisa mara tatu ili nijionee mwenyewe kila hatua badala ya kunakili maelezo ya wengine. Katika jaribio la pili niligundua kwamba kitufe ambacho maelekezo mengine yote yalikitaja kilikuwa kimebadilishwa jina na kuhamishiwa ukurasa wa ndani, hivyo msomaji mwenye hofu ya kupoteza barua na picha zake zote angekitafuta bila kukiona. Nilipiga picha za skrini 14 na katika kila moja nikafunika namba yangu ya simu. Makala ilipotoka, watu waliniandikia kunishukuru, na mmoja aliniambia kwamba kwa kuifuata amezipata tena picha za marehemu mama yake. Furaha ya siku ile ninayo mpaka leo.

Miezi michache baadaye mwanzilishi wa kampuni alinitumia wasilisho aliloliandaa kwa ajili ya wawekezaji wa awamu iliyofuata, akaniomba nimsahihishie lugha. Katika ukurasa wa sita kulikuwa na mchoro wa ongezeko la wasomaji, na chini yake picha ya makala ile yangu ikiwa ushahidi wa jinsi jukwaa linavyovuta watu. Nilisahihisha lugha, na hilo nalo nililifanya bure. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa. Mnunuzi aliwachukua wahandisi, akalichukua na jina la tovuti, kisha jukwaa likazimwa. Katika makala zangu 41, 26 zilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Nyingine 11 nilizipata kwenye hifadhi ya Internet Archive, taasisi isiyo ya kibiashara ambayo tangu mwaka 1996 inahifadhi nakala za kurasa za mtandao. Nne hazikuonekana tena popote. Aliyechora nembo ya kampuni alikuwa amelipwa, mwenye seva alilipwa kila mwezi, na hata aliyeandika matangazo ya kuwavutia watu waje kuzisoma makala zetu alilipwa kwa neno. Tuliosomwa hatukulipwa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, lakini hapa wachumaji walibaki juani na kivulini walikaa wengine.

Sitaki kusema kwamba nilidanganywa. Nilikubali mwenyewe, na hoja ya kwamba aliyekubali hana la kudai ilikwisha kupelekwa mbele ya jaji. The Huffington Post, tovuti ya habari ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2005, ikakua kwa sehemu kubwa kwa mchango wa maelfu ya wanablogu ambao hawakulipwa chochote, na Februari 2011 kampuni ya AOL ikatangaza kuinunua kwa dola milioni 315. Miezi miwili baadaye Jonathan Tasini, mwandishi na kiongozi wa siku nyingi wa harakati za waandishi wa kujitegemea, alifungua kesi mjini New York kwa niaba ya wanablogu hao, akidai kwamba angalau dola milioni 105 za thamani ile zilitokana na jasho lao. Machi 2012 kesi ikatupwa. Jaji alieleza kwamba waandishi walijua tangu mwanzo kuwa hawatalipwa fedha, kwamba walichoahidiwa ni kusomwa, na kwamba walisomwa. Kwa upande wa sheria sina ugomvi na hukumu hiyo. Lakini huyuhuyo Tasini, miaka 11 kabla, alikuwa ameshinda katika Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya gazeti la The New York Times na wachapishaji wengine. Mwaka 2001, kwa kura 7 dhidi ya 2, majaji waliamua kwamba makala ambayo mwandishi wa kujitegemea ameiuza ili ichapishwe gazetini haiwezi kuingizwa katika hifadhidata za kielektroniki bila idhini yake.

Nimezifikiria sana kesi hizi mbili nikizilinganisha, kwa sababu zinaonyesha mahali hasa ambapo mwandishi wa mtandaoni alipoteza ardhi yake. Katika ile ya mwaka 2001 waandishi walikuwa wameuza kitu chenye mipaka, na kilichobaki nje ya mpaka kilikuwa bado chao. Katika ile ya The Huffington Post hapakuwa na mpaka wa kuulinda, kwa kuwa kila kitu kilitolewa pamoja na bei yake, yaani sifuri. Siku hizi majukwaa mengi huandika masharti yanayompa mwenye jukwaa leseni ya dunia nzima, isiyo na mrabaha, na inayoweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Nawaomba vijana wasimame kwenye maneno hayo ya mwisho na kuyasoma polepole. Inayoweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine maana yake ni kwamba siku unapobonyeza kitufe cha kukubali, mwenye kampuni amekwisha kuifikiria siku atakayoiuza, na wewe umo kwenye orodha ya vitakavyouzwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na makala ya gazeti lako, iliyosema kwamba kampuni changa haina fedha na kwa hiyo si haki kuidai. Ni kweli kampuni nyingi changa hazina fedha. Lakini ulimwengu wa kampuni hizo ulikwisha kupata dawa ya tatizo hilo zamani. Mhandisi anayejiunga mapema kwa mshahara mdogo hupewa hisa, na kwa kawaida hupewa kidogo kidogo kwa miaka minne, akipata sehemu ya kwanza baada ya kutimiza mwaka mmoja. Sababu inayotolewa ni ya haki kabisa: amebeba hatari wakati hakuna aliyejua kama kampuni itafika popote, basi ikifika naye afike. Mwandishi anayeliandikia jukwaa wakati bado halina wasomaji anabeba hatari ileile. Akiacha kuandika, hakuna kinachobaki cha kumwonyesha mwekezaji isipokuwa kurasa tupu zenye rangi nzuri. Sijawahi kusikia sababu ya maana kwa nini mmoja aitwe mshirika na mwingine aitwe mchangiaji. Yapo mengi yanayoweza kufanyika bila fedha taslimu: hisa chache, asilimia ya mapato ya matangazo, ahadi ya maandishi kwamba kampuni ikiuzwa kutakuwa na fungu la waandishi. Anayesema hana fedha na hapo hapo hataki kuahidi chochote kwa siku atakayokuwa nazo amejibu swali lingine, si lile aliloulizwa.

Na kugawana kunawezekana, kwa sababu kumefanyika. Tangu mwaka 2007 YouTube ina mpango wa kugawana mapato ya matangazo na wanaotengeneza video, na kwa video za kawaida anayetengeneza hupata asilimia 55. Substack, huduma ya waandishi kuwatumia wasomaji makala kwa ada, iliyoanzishwa mwaka 2017, huchukua asilimia 10 ya ada zinazolipwa na wasomaji, na mwandishi anaweza kuondoka na orodha ya wasomaji wake. Mipango hii ina kasoro zake, na walio wengi ndani yake hupata kidogo sana. Lakini kidogo chenye kanuni ni mkataba, na mtu mwenye mkataba anajua pa kusimama anapodai.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu kampuni za akili unde (AI) zianze kutafuta maandishi ya binadamu ya kuzifundishia mashine zao. Mwanzoni mwa mwaka 2024 iliripotiwa kwamba Google italipa dola milioni 60 hivi kwa mwaka ili ipate maandishi ya mtandao wa majadiliano wa Reddit, yaani mazungumzo, ushauri na maelezo ambayo watumiaji waliyaandika bila malipo kwa miaka mingi. Mei mwaka huohuo Stack Overflow, ambako waandaaji wa programu wamekuwa wakijibizana maswali tangu 2008, ilitangaza makubaliano na OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Baadhi ya waliojibu maswali hayo walijaribu kufuta au kubadilisha majibu yao kwa hasira, kampuni ikayarejesha na kuwafungia akaunti kwa muda baadhi yao. Ninawaelewa pande zote mbili kuliko ninavyopenda. Jibu lililofutwa linamwumiza kijana anayelihitaji leo, ambaye hana kosa. Lakini waliojibu walikuwa wanampa mwenzao msaada, kama yule aliyenionya mimi kuhusu skrubu fupi, na hakuna aliyewauliza kama msaada huo uuzwe kwa jumla.

Linganisha na Wikipedia. Wanaoiandika nao hawalipwi, na tangu ilipoanza Januari 2001 imejengwa na watu wa kujitolea. Lakini inaendeshwa na taasisi isiyogawa faida kwa yeyote, maandishi yake yako chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuyatumia mradi ataje yalikotoka na kuyaacha wazi vilevile, na historia ya kila ukurasa inaonyesha nani aliongeza nini na lini. Ukiandika pale umechangia kisima cha kijiji. Sipendekezi kwamba kila kitu kiendeshwe hivyo. Nasema tu kwamba mtu anayeombwa kujitolea ana haki ya kujua kama anachimba kisima cha wote au anamchimbia mtu kisima chake.

Nirudi kwenye hoja ya jina, kwa kuwa ndiyo iliyobebeshwa uzito wote katika makala ile. Jina ni kitu cha kweli. Mimi nimepata kazi mbili za malipo kwa sababu mtu alisoma nilichoandika. Zote mbili zilitoka kwenye blogu yangu mwenyewe, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye zile makala 41, ambazo zilisomwa na watu wengi zaidi. Sababu si ngumu kuiona. Msomaji aliyefika kwenye jukwaa kupitia injini ya utafutaji hulikumbuka jukwaa, si jina dogo lililoandikwa kwa rangi ya kijivu chini ya kichwa cha habari. Katika blogu yangu hakuna jina jingine la kukumbuka.

Zaidi ya hayo, desturi ya kuandika bure huchuja watu, na huwachuja vibaya. Anayeweza kuandika mwaka mzima akisubiri jina ni yule ambaye riziki yake inatoka kwingine. Asiyeweza huacha, hata kama ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote. Na nafasi yake haibaki wazi. Huzibwa na waandishi wanaolipwa na kampuni zinazoandikwa, wale ambao kazi yao ni kuisifu simu mpya kabla hata hawajaishika. Msomaji wa habari za teknolojia anadhani anasoma bure, kumbe amelipiwa na muuzaji. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kuliko fedha zangu nilizozikosa, kwa sababu teknolojia sasa inashika mikopo, matibabu, ajira na kura za watu, na panahitajika mtu wa kuichunguza ambaye mkono wake haujashikwa.

Barua hii nayo sitalipwa, na sitarajii kulipwa. Raia kutoa maoni yake katika ukurasa wa wasomaji ni jambo la heshima, na gazeti lako halijawahi kuniambia kwamba ni ajira. Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo: mnapochapisha ushauri kwa waandishi vijana na kuwatajia mahali pa kupeleka kazi zao, andikeni pembeni mwa kila jina kama mahali hapo wanalipa, wanalipa vipi, na nani anabaki na haki ya makala. Mstari mmoja unatosha.

Wiki mbili zilizopita msichana anayeandika vizuri sana kuhusu usalama wa mitandao aliniuliza kama akubali mwaliko wa kampuni changa iliyompa ahadi ileile niliyopewa mimi. Sikumwambia akatae. Nilimwambia ahifadhi nakala ya kila anachoandika, achapishe kwanza kwenye blogu yake, na kabla ya makala ya kwanza awaulize kwa maandishi ni nini kitatokea kwa waandishi siku kampuni itakapouzwa. Aliwauliza. Walimjibu upesi kuhusu urefu wa makala na siku ya kuzituma, na kuhusu lile swali walisema watarudi kwake. Mpaka ninapoiandika barua hii anasubiri, na makala yake ya kwanza iko kwenye blogu yake, chini ya jina lake.

Wako,
Mwanablogu wa teknolojia